Kupona Machoni pa Watu

Mimi ni fundi cherehani, na pasi yangu ni ya makaa. Hapa Kakuma umeme huja unapotaka na kuondoka unapotaka, kwa hiyo pasi za umeme nimewaachia vijana wenye haraka. Makaa yangu hununua kwa Akuwam, mama wa Kiturkana wa upande wa Lopur, na huu ni mwaka wa kumi. Katika miaka yote hiyo sijamshinda kwenye ubishi hata mara moja. Nikisema debe halijajaa, hulitikisa mbele ya watu wote, kisha huniuliza kama macho yangu niliyasahau Uvira nilipokimbia vita. Mke wangu Élisabeth husema sisi wawili tunasalimiana kwa matusi. Nimeamua kuandika habari za mama huyu kwa sababu sokoni wanazisimulia vibaya. Wanatia uchawi mahali pasipo na uchawi, na ushujaa wake wanauruka.

Akuwam ni mjane. Mumewe alifariki akamwachia watoto watatu na baba mkwe, mzee Lokuruka, ambaye peke yake ni mzigo mzito kuliko wale watoto watatu. Mzee ana mbuzi ishirini na kidogo, fimbo, kigoda cha mbao anachokalia mchana na kukilalia kichwa usiku, na neno la mwisho juu ya kila jambo. Hutafuna tumbaku tangu alfajiri, na wakati ule alikuwa na kikohozi ambacho majirani walikitumia kama saa ya kuamkia. Boma lote lilikula kwa mikono ya Akuwam. Yeye ndiye aliyekata mathenge kwenye laga, yaani mto mkavu, akachoma makaa, akabeba magunia, akauza.

Mathenge hamhitaji kuelezwa kama mmewahi kupita Turkana. Ni mti uliopandwa ili kuzuia jangwa, ukazuia na njia, na mito, na mashamba. Mwiba wake ni mgumu kama msumari, na kila mchoma makaa ana kovu lake la kuonyesha. Mwaka juzi, mwezi wa pili, mwiba mmoja ulimwingia Akuwam kwenye kiganja cha kushoto, chini ya kidole gumba. Akaung'oa kwa meno, akapaka mafuta ya mbuzi, akaendelea kukata. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini wahenga hawakuwa na watu wanne wa kulisha jioni ile.

Siku ya tano nilikwenda kununua makaa, saa saba mchana. Jua la Kakuma saa saba hata kuku hulikimbia. Nikamkuta Akuwam amejifunika blanketi. Kwa mazoea nikasema debe halijajaa, na yeye akaongeza makaa mpaka yakamwagika chini, bila kusema neno. Hapo nikaogopa. Makaa ya ziada sikuyataka, nilitaka kutukanwa.

"Mama Akuwam, weye uko namna gani?" nikamuuliza.

"Baridi," akasema. "Hii baridi imetoka wapi?" Kisha akaniita kwa jina la marehemu mumewe.

Nikafunua blanketi. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, ngozi imevutika ikang'aa, na alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia ingawa hakuwa ameinuka. Nikamwita Aukot wa bodaboda, tukamkalisha katikati yetu, tukamfikisha zahanati. Kule walimtazama mara moja tu, wakamtundikia chupa mbili za maji kwa mpigo na kuita gari la wagonjwa. Kabla jua halijazama alikuwa Lodwar.

Alilala hospitali siku kumi na moja, na nne za kwanza hakujua yuko wapi. Walikipasua kiganja wakatoa usaha, wakampa dawa za mshipani na hewa ya mtungi. Mimi na Élisabeth tulipokezana kwenda. Muuguzi wa wodi ile alikuwa Sista Akoru, binti wa Kiturkana mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, na ndiye aliyetufafanulia. Alisema vijidudu vilitoka kidondani vikaingia damuni, na mwili kwa hofu ukapigana ovyo mpaka ukaanza kujiumiza wenyewe. Ugonjwa huo aliuita sepsis. Alisema wengi wanaoupata huku kwetu hufia njiani.

Akuwam hakufia njiani. Siku ya kumi na moja alitoka wodini kwa miguu yake, mkono umefungwa bandeji, akaniuliza nani alikuwa akiniuzia makaa wakati yeye amelala. Nililia mbele za watu na sioni haya kusema.

Kwenye mlango Sista Akoru alitushika. "Msifurahi haraka," alisema. "Huu ugonjwa ukienda, unaacha mwili bila walinzi. Chembe za damu zinazopigana na magonjwa zimekufa nyingi, na zilizobaki zimechoka, haziamki zikiitwa. Itachukua miezi, labda mwaka mzima. Asikae kwenye umati. Mtu wa kukohoa asimkaribie. Ale vizuri. Na homa ikija, msingoje kesho. Akirudi hapa mara ya pili, sijui kama nitaweza kumtoa."

Nilimsikia, lakini kwa sikio moja. Sikio jingine lilikuwa limejaa furaha. Kosa hilo ni langu na nimelibeba.

Pale Lopur walimpokea kama mtu aliyepona, kwa sababu kiganja kilikuwa kinafunga na macho yake yamerudi mahali pake. Waswahili wana msemo, mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiutumia kila mara kwa mambo ya siasa. Sikufikiri unaweza kuwa habari ya hospitali. Wiki ya tatu Akuwam alipata utando mweupe mdomoni, akashindwa hata kumeza uji. Ukatibiwa, ukaisha. Wiki ya sita ukaja mkanda wa jeshi, malengelenge yanayochoma kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, akawa hawezi kuvaa shanga wala shuka. Ukaisha nao. Mara jicho likavimba. Mara mkwaruzo wa ukingo wa jiko ukakataa kukauka. Mwanamke aliyekuwa akibeba gunia mgongoni kutoka laga mpaka sokoni, sasa alibeba kibuyu cha maji akapumzika mara mbili.

Watu wakaanza maneno yao. Mkanda wa jeshi huku kwetu una jina lake la pili la kunong'onezwa, na wakalinong'oneza. Akuwam aliwasikia.

"Mimi nimepimwa virusi Lodwar mara mbili, haiko," aliwaambia wanawake wa makaa, wote kwa pamoja, kwa sauti. "Nyinyi mmepimwa mara ngapi?" Wakatawanyika kila mmoja na gunia lake.

Lakini kwangu alisema jambo jingine. Nilikuwa nimempelekea mtama, akakaa akitazama mikono yake. "Gervais," akasema, "hii mwili si yangu. Nimerudishiwa ya mtu mwingine."

Mzee Lokuruka alikuwa na jibu lake. Alisema binti yake, ndivyo anavyomwita mkwewe, ametoka kwa wafu na hakuna aliyempokea. Kwa Waturkana, mtu aliyerudi kutoka mahali pabaya hapokewi kwa kikombe cha chai. Huchinjwa mbuzi, na yale majani mabichi yaliyomo tumboni mwake, wanayoita ngikujit, hupakwa kifuani na mabegani mwa aliyerudi, kisha wazee wanamtemea mate ya baraka mmoja baada ya mwingine. Bila hayo, mzee alisema, kifo bado kinamdhani wake, ndiyo maana kinamrudia kwa vipande vipande.

Alichagua dume la kahawia, bora kuliko wote aliokuwa nao. Watu zaidi ya arobaini walikuja, wengine kutoka Lokitaung. Mimi nilialikwa, nikavaa shati jipya. Niseme kweli, ilikuwa siku nzuri. Akuwam aliketi juu ya ngozi, ameinua mkono wenye kovu usiguswe, na uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuiona tangu mwiba ule. Wazee walimpaka huku wakiimba maneno ya mvua na mifugo. Kisha mzee Lokuruka akajaza maji mdomoni pamoja na tumbaku yake. Kikohozi kikamjia, akakizuia, kikamshinda, akakohoa mara tatu, akajaza maji tena, akampulizia binti yake usoni na kifuani. Baraka ya mzee haipanguswi, na Akuwam hakupangusa. Walifuata wazee wengine tisa. Kila tone lilitoka moyoni mwa mtu.

Nilikumbuka maneno ya Sista wakati mzee wa tatu alipokuwa akikohoa. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikajiambia, wewe Gervais ni mgeni, mkimbizi wa kutoka Uvira, nani amekuweka kati ya baba na baraka yake? Nikapiga makofi pamoja na wengine, nikala nyama.

Siku ya nne Akuwam alianza kukohoa, na kabla ya mchana alikuwa anawaka homa. Safari hii hatukungoja kitu. Aukot alikuwa na injini tayari. Lodwar walisema ni nimonia, pande zote mbili za kifua, na Sista Akoru alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

"Mlimfanyia nini?" akauliza.

Nikamweleza yote, na mate, na kikohozi. Nilidhani atatufokea. Lakini yeye ni Mturkana, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akasema polepole, "Hata baba yangu angefanya hivyo."

Mzee Lokuruka safari hii alikuja. Hakuwahi kupanda gari maishani, akapanda, akashuka Lodwar akiwa ametapika na hakulalamika. Alikaa Lodwar siku tisa, mwanzoni kwenye baraza la wodi, na siku ya sita Sista alimwendea akamwambia wazi, kwa Kiturkana na tena kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba kikohozi chake ndicho kilichomwingia Akuwam, na kwamba inafaa apimwe.

Mzee alisimama. "Mate yangu imebariki watu tangu Mzungu yuko Lokitaung," alisema. "Sasa imekuwa sumu?" Akaenda kukaa nje ya lango la hospitali, na hakurudi barazani mpaka tulipoondoka. Nilimhurumia sana. Ni jambo zito kuambiwa kwamba ulichompa mtoto wako kwa upendo ndicho kilichomlaza.

Akuwam alitoka mara ya pili, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Sista alimshika bega akasema, "Mara ya tatu usiniletee."

Hatujamaliza wiki nyumbani, mzee akatangaza sherehe nyingine. Hoja yake ilikuwa nyepesi na haikuwa ya kijinga. Baraka ya kwanza haikutosha, basi ya pili iwe kubwa zaidi. Safari hii ng'ombe, ataazima kwa ndugu, na wazee wa Lorugum wataitwa. Watu themanini, labda mia. Siku ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Sasa mtazame Akuwam alivyokuwa amebanwa. Akikubali, huenda asifike mwisho wa mwezi, na watoto watatu wabaki na mzee anayekohoa. Akikataa, amekataa mate ya baba mkwe mbele ya ukoo mzima. Mwanamke aliyekataa baraka hakuna anayekula naye, na mtu wa kumwombea mvua hapatikani. Élisabeth alishauri watoroke waje kukaa kwetu kambini. Mimi nilishauri twende kwa chifu. Akuwam alitusikiliza sote wawili kwa adabu, kisha akasema, "Nyinyi hamjui mzee. Mzee haisikii mtu ya hospitali. Anasikia mbuzi."

Ijumaa asubuhi alimwomba mzee waongee. Nilikuwepo, nimeleta uji, nao waliongea Kiswahili kwa ajili yangu. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, Akuwam akakaa chini mbali kidogo, kama heshima inavyotaka.

"Apa," alianza, na hilo ndilo neno lao la kumwita baba, "ile mwaka ya ukame, loukoi ilipita hapa." Loukoi ni homa ya mapafu ya mbuzi, inafagia zizi zima.

"Ilipita," mzee akasema. "Ilimaliza mbuzi yangu sitini."

"Mbili ilipona."

"Mbili. Ile nyekundu na ile ya pembe moja."

"Ile ya pembe moja ulifanya nini?"

Mzee alitazama pembeni. "Nilifurahi. Niliona imesimama, inakula. Nikapeleka kisimani pamoja na ya watu wote."

"Halafu?"

"Halafu ikafa. Ilishika kila kitu ya kisima. Macho, kuhara, ukurutu. Hata kupe moja ilikuwa nyingi kwake."

"Na ile nyekundu?"

Hapo mzee alianza kusema haraka, maana mfugaji ukimuuliza habari za mbuzi aliyemwokoa hawezi kujizuia. Alisema alimfunga peke yake kando ya nyumba, akampa maji kwenye karai lake mwenyewe, akamwokotea maganda ya mgunga, akawapiga mawe mbuzi wengine waliomkaribia. Jirani alikuja kumtaka kwa mahari ya kijana wake, mzee akamfukuza. Alimwambia bado, huyu amepona kwa macho tu, ndani bado ni mgonjwa. Alimlinda hivyo mpaka mvua mbili zikapita na manyoya mapya yakatoka.

"Na iko wapi?" Akuwam akauliza.

"Si ile pale," mzee akasema, akionyesha kwa fimbo. "Mama ya nusu ya hii zizi."

Akuwam aliinua uso. Nikaona anaogopa. "Apa," akasema, "mimi nimetoka kwa loukoi. Kesho unanipeleka kisimani na watu mia."

Uji ulipoa mkononi mwangu. Mzee alimtazama binti huyu, akamtazama mbuzi mwekundu, akatazama tena. Akafungua mdomo, na kikohozi kikamjia. Alisimama, akageuza uso, akatembea hatua kumi na tano mpaka nyuma ya zizi, akakohoa huko. Aliporudi hakukaa karibu. Alikaa mbali. Kisha akameza mate yake, na huyo ni mzee wa Kiturkana wa kwanza niliyemwona akifanya hivyo.

"Mimi nilijua hii kitu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Nilijua kwa mbuzi. Kwa mtoto yangu nikasahau."

Sherehe ikavunjwa asubuhi ile ile. Kuanzia hapo mzee Lokuruka akawa tatizo la namna nyingine.

Alijenga ua wa miiba kuzunguka nyumba ya Akuwam, mathenge ule ule, akaacha mlango mmoja, na kwenye mlango huo akakaa yeye. Kabla ya kukaa alikwenda zahanati kwa miguu yake mwenyewe akapimwa kifua, kwa sababu, alisema, dume linalokohoa halilindi zizi. Hakikuwa kifua kikuu. Walimpa dawa na kumkataza tumbaku, akaipunguza kwa hasira. Mpaka kikohozi kilipokwisha alilinda kutoka mbali, akipiga kelele.

Mgeni aliyefika alisimama hatua kumi. "Ejoka?" aliuliza, yaani hujambo. "Ejok," Akuwam alijibu kutoka ndani. Kushikana mikono hakukuwepo. Aliyetaka kubariki aliruhusiwa kutema mate chini, pale pale aliposimama, lakini mzee kwanza aliokota vumbi akalirusha kuona upepo unaelekea wapi. Upepo ukielekea ndani, mgeni alizungushwa upande wa pili. Kwaya ya kina mama wa kanisa ilikuja kumwekea mikono. Mzee akawaambia Mungu anasikia kutoka hapo hapo, nao wakaimba wakiwa nje ya ua. Akaja afisa mmoja mwenye kitambulisho shingoni na fomu za kujaza. Fomu ziliingia juu ya ncha ya fimbo, afisa hakuingia. Binti yangu Sonia alipopata mafua, nilifukuzwa mimi kwa wiki tatu nzima, na nilikuwa mzima wa afya kabisa.

"Hata mimi?" nilimuuliza.

"Weye ndiyo sana," alisema. "Weye unakuja kila siku."

Makaa hayakungoja. Wanawake wale wale walionong'ona walimchomea zamu kwa zamu bila kuombwa, na mimi nikayauza kando ya cherehani yangu, na nguo mbili za harusi zikapata madoa ambayo wateja wananikumbusha mpaka leo. Ndani ya ua, Akuwam alikula. Maharagwe, mayai, samaki mkavu wa ziwani. Mzee alikataa katakata habari ya kuchemsha maziwa, akisema maziwa ya kuchemsha ni chakula cha wagonjwa. "Na mimi ni nani?" Akuwam akamuuliza. Yakachemshwa. Kila asubuhi alitembea, mwanzo mpaka kwenye ua, baadaye mpaka zizini, baadaye mpaka ukingo wa laga. Kila mwezi alikwenda Lodwar kutolewa damu, na Sista Akoru alisoma karatasi akatikisa kichwa. Mwezi wa nne ndani ya ua hakutikisa. Mwezi wa sita alisema, "Wameanza kurudi, hao walinzi."

Lilikuja jipu moja, likawahiwa. Ikaja homa ya nusu siku, na Aukot akamfikisha zahanati kabla hajamaliza kusema anaumwa. Halafu ukapita mwezi bila kitu, na mwingine. Mwezi wa tisa alibeba kibuyu bila kupumzika. Mwezi wa kumi na moja nilimshonea glavu za ngozi kutoka kwenye mkoba wa zamani, akakata tawi lake la kwanza la mathenge, akalirusha chini kama mtu anayemaliza kesi.

Hata hivyo mzee hakuubomoa ua. Nilimuuliza anangoja nini. Akasema ile mbuzi nyekundu hakuiamini kwa manyoya tu. Aliiamini siku iliposhika ugonjwa wa kawaida ikaushinda bila msaada. "Mpaka nione," alisema.

Akaona mwaka uliopita, mwezi wa nne. Mvua zilikuwa zimeanza, na mafua yalipiga Kakuma nyumba kwa nyumba. Asubuhi moja, mbele ya watu wote, Akuwam alipiga chafya. Akapiga ya pili. Kufikia saa nne pua ilikuwa inatiririka.

Sijaona watu wazima wakichanganyikiwa vile. Aukot aliwasha pikipiki akasahau kuizima. Mzee alitoka nyumbani na blanketi, kibuyu, na kwa sababu ninayoshindwa kuielewa, kigoda. Mimi nilimpigia simu Sista Akoru.

"Ana homa?" akauliza.

Nikauliza, wakapima, hakuwa na homa.

"Anahema vizuri?"

"Vizuri."

"Anaongea?"

"Anatukana, Sista. Anasema sisi ni wajinga, anataka kwenda kazini."

Nikamsikia Sista kama anacheka. "Mwacheni ndani. Mpimeni asubuhi na jioni. Joto likipanda au pumzi ikibadilika, mmlete saa hiyo hiyo. Lisipopanda, mwacheni mwili ufanye kazi yake."

Tukangoja. Siku ya kwanza pua, na koo linakwaruza. Siku ya pili kichwa kilimuuma, akalala mchana, na mzee akakaa mlangoni akihesabu pumzi zake kwa vidole. Tumbaku hakuigusa. Joto lilikuwa lile lile. Mimi nilipiga pasi suruali ya mteja mpaka nikaiunguza. Siku ya tatu chafya zilipungua, akaomba samaki, akamaliza sahani. Jioni yake nilimkuta mzee amekaa wima, nikaketi kando yake na hakunifukuza.

Siku ya nne nilifika mapema. Akuwam alikuwa ametoka nje tayari, gunia limesimama kando yake, anafunga kamba. Pua kavu. Macho meupe. Mzee Lokuruka alikuwa mbele yake ameegemea fimbo.

"Mafua iko wapi?" mzee akauliza.

"Imeisha."

"Nani ameitoa? Umekunywa dawa ya Lodwar?"

"Hapana."

"Sindano?"

"Apa, hakuna sindano." Akuwam aliinama, akalipandisha gunia mgongoni, akalisawazisha, akasimama wima nalo. "Nimeiua mwenyewe. Na hii mwili yangu."

Mzee aligeuka akaanza kung'oa miiba ya ule ua kwa mikono mitupu, na nilipomwambia avae glavu alinitukana kwa lugha tatu. Akuwam alikuwa ameshaanza kushuka njia ya sokoni. Mimi nilimfuata nyuma, nikashindwa kwenda mwendo wake. Nyuma yetu tuliendelea kumsikia mzee. Kila mpita njia alisimamishwa, mchungaji, mwanafunzi, mwenye punda, na kila mmoja aliambiwa habari ile ile, kwamba binti yake alikuwa na mafua siku tatu, na mafua yamekufa.